Mfereji wa Tatu Mwilini

Siku moja tulitembelea kikundi cha kujisaidia upande wa bara wa Kilifi, mahali ambapo wanakikundi wanafuga mbuzi wa maziwa na kuchangiana kila Ijumaa. Tulikuwa tumeenda kuzungumza juu ya mbuzi. Lakini mkutano ulipokaribia kwisha kijana mmoja alisimama, akichechemea. Alikuwa amejikata kidole cha mguu na jembe siku nne zilizopita.

"Kidonda kiko huku chini kabisa," akasema, "na mtoki umenitoka huku juu kinenani. Sasa hiyo njia ya kutoka kule mpaka huku inapitia wapi?"

Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu la haraka.

Mkutano ulipofungwa, bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, miguu ameifunika kwa leso, alitungoja mpaka wengine wakaondoka. Yeye pia alikuwa na swali ila hakutaka kuuliza mbele za watu. Akainua leso kidogo tu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni hadi gotini, ngozi imekuwa ngumu na yenye mikunjo. "Na huu je," akasema, "nao ni njia hiyo hiyo?"

Ndiyo, ni njia hiyo hiyo. Tumeandika makala hii kuwajibu wote wawili, kijana na bibi, na wengine wanaoficha miguu yao chini ya leso.

Maji yanayobaki nyuma

Kila mtu anajua kuna mishipa ya damu. Tunaiona kwenye mikono ya wazee, na tukigusa kifundo cha mkono tunaisikia ikipiga. Moyo husukuma damu kwa mishipa minene, mishipa hiyo hugawanyika ikawa midogo na midogo zaidi mpaka ikawa myembamba kuliko unywele, halafu hukusanyika tena na kuirudisha damu moyoni. Shuleni wengi wetu tulifundishwa hivyo na somo likaishia hapo. Kumbe halijaisha.

Ile mishipa iliyo myembamba kuliko unywele inavuja. Haivuji kwa sababu imeharibika, ndiyo kazi yake. Nyama, ngozi na misuli haviguswi na damu yenyewe. Hupata chakula na hewa kutoka kwa maji yanayochuja na kutoka nje ya mishipa, kama vile mnazi haunywi kutoka kwa bomba bali kutoka kwa udongo uliolowa. Vitabu vingi vya udaktari hukadiria kwamba maji hayo ni kama lita 20 kwa siku, yaani jerikeni moja kamili, lile la manjano tunalobeba kutoka kisimani. Sehemu kubwa, kama lita 17, hunyonywa tena na mishipa ya damu. Zinabaki kama lita 3.

Lita 3 si nyingi ukiziona kwenye ndoo. Lakini maji yote ya damu ya mtu mzima, ukiondoa chembe nyekundu na nyeupe, nayo ni kama lita 3 tu. Hayo yaliyobaki yasiporudishwa, haungepita muda mrefu kabla mtu kuvimba mwili mzima na damu kumkauka mishipani. Tena si maji peke yake yanayovuja. Pamoja nayo hutoka protini, ile sehemu ya damu iliyo kama ute wa yai, na protini ikishatoka kwenye mshipa wa damu haiwezi kurudi kwa mlango ule ule. Inahitaji njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ndiyo tunayoiita hapa mfereji wa tatu. Mfereji wa kwanza ni mishipa inayopeleka damu, wa pili ni ile inayoirudisha, na wa tatu ni wa kukusanya haya maji yaliyobaki. Yakishaingia ndani yake yanaitwa limfu, na mishipa yenyewe ni mishipa ya limfu. Pengine umechinja mbuzi wengi na hujaiona hata siku moja, kwa sababu kuta zake ni nyembamba na maji yake karibu hayana rangi. Mwaka 1622 daktari mmoja wa Italia, Gaspare Aselli, alipasua mbwa aliyekuwa ametoka kula akaona nyuzi nyeupe zimetanda tumboni. Alidhani ni mishipa ya fahamu. Alipochoma uzi mmoja likatoka jimaji jeupe kama maziwa. Yalikuwa mafuta ya chakula. Maana mfereji huu una kazi nyingine tena: mafuta tunayokula, ya nazi, ya samli, ya nyama, hayaingii kwenye damu moja kwa moja kama sukari inavyoingia. Sehemu kubwa hupitia kwanza mishipa ya limfu ya utumbo.

Makuti, dema na kukamua

Mishipa ya limfu huanzia chini ya ngozi kama vijibomba vilivyozibwa upande mmoja. Limfu haizunguki kama damu. Inaanzia huku pembeni na kwenda upande mmoja tu. Ukuta wa vijibomba hivi umepangwa kama makuti ya paa, kuti moja limelalia jingine. Maji yakiwa mengi nje, nyuzi ndogo zilizoshikilia makuti hayo huyavuta yakafunguka na maji yakaingia. Ndani kukijaa, makuti hujifunga na maji hayatoki tena. Vijibomba huungana kuwa mishipa mikubwa zaidi, na ndani ya mishipa hiyo, kila baada ya kipande kifupi, kuna mlango unaofunguka upande mmoja. Mvuvi ataelewa haraka: ni kama dema, samaki kuingia ni rahisi, kutoka ni shida.

Sasa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu karibu matunzo yote tutakayoeleza yanatokana na jambo hili moja. Mfereji huu hauna moyo. Limfu ya mguu inatakiwa kupanda kutoka kisiginoni hadi chini ya shingo, na hakuna pampu inayoisukuma.

Basi inapandaje? Mishipa yenyewe ina misuli midogo ukutani. Hujikamua kipande kwa kipande, mara kadhaa kwa dakika, jinsi mnavyokamua chuchu ya mbuzi. Halafu unapotembea, shavu la mguu hukaza na kulegea, likiminya mishipa iliyo karibu nalo. Na ukivuta pumzi ndani kabisa, kifua nacho huvuta limfu ije juu. Ndiyo maana mtu anayesimama mahali pamoja kutwa nzima, kama mwalimu au mama anayeuza sokoni, viatu humbana ikifika jioni. Maji yamekosa mkamuaji.

Limfu ya miguu yote miwili, ya tumbo na ya upande wa kushoto wa kifua, mkono na kichwa hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa unaopanda mbele ya uti wa mgongo. Urefu wake ni kama sentimita 40. Humwaga maji yake ndani ya mshipa wa damu, upande wa kushoto, chini ya shingo, nyuma ya mtulinga. Mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa na kifua una njia yake fupi ya peke yake. Hapo maji yamerudi kwenye damu na safari inaanza upya.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo hauna mishipa hii. Mwaka 2015 watafiti waliionyesha kwenye utando unaofunika ubongo wa panya, na mwaka 2017 ikaonekana kwa binadamu. Tunataja haya kwa wale wanaodhani mambo yote ya mwili yalishajulikana zamani.

Mtoki unatoka wapi

Turudi kwa kijana wa jembe. Maji yanayotoka kwenye nyama si safi kila wakati. Jembe likitoka zizini na kukata kidole, bakteria huingia na wengine hubebwa na limfu. Ingekuwa hatari kubwa uchafu huo kumwagwa moja kwa moja kwenye damu. Kwa hivyo njiani kuna vizuizi, kama vile vya polisi barabarani, na hivyo vizuizi ndizo tezi za limfu. Mtu mzima hukadiriwa kuwa na tezi kama 600. Nyingine ni ndogo kama punje ya mtama, nyingine ni kama haragwe kwa ukubwa na kwa umbo. Zimejikusanya kwa makundi shingoni, makwapani na kinenani, na nyingine nyingi ziko ndani ya kifua na tumbo ambako mkono haufiki. Limfu ya mguu hukaguliwa kinenani. Ya mkono na sehemu kubwa ya ile ya titi hukaguliwa kwapani. Ya meno na koo hukaguliwa shingoni.

Ndani ya tezi mna chembe nyeupe zilizojazana. Limfu huingia kwa mishipa mingi na kutoka kwa michache, kwa hivyo inapita polepole na kila kitu kinaangaliwa. Baadhi ya chembe humeza uchafu. Nyingine, zinazoitwa limfosaiti, kila moja inamjua adui wa aina moja tu. Ikimwona huyo adui wake huanza kuzaana mpaka zinakuwa maelfu, zikitengeneza silaha za kumpiga yeye peke yake. Kuzaana huko ndiko kunakofanya tezi ivimbe na kuuma. Kwa hivyo kijana akishika kinena chake na kusikia donge, anashika askari walioitwa kazini.

Zile chembe zikimaliza vita baadhi hubaki na kumbukumbu. Chanjo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Dawa aliyodungwa mtoto kwenye mkono hubebwa na limfu hadi kwapani, na huko askari hufundishwa sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Tezi za koo ni jamaa wa ukoo huo, na bandama lililo chini ya mbavu za kushoto pia, ingawa bandama huchuja damu badala ya limfu. Wazazi wa pwani wanajua jinsi linavyovimba kwa mtoto anayeshikwa na malaria kila mara.

Basi mtoki usikandwe kwa nguvu wala usichanjwe na wembe. Usichomwe pia. Tibu kidonda kilichouleta. Kijana tulimwambia aoshe kidole kwa maji safi na sabuni, akifunge kwa kitambaa safi, na aende zahanati achomwe sindano ya pepopunda kama hakumbuki alichomwa lini. Tulimwambia pia aangalie mguu wake. Akiona mstari mwekundu unapanda kutoka kidondani kwenda juu, au akipata homa na kutetemeka, asingoje kesho. Huo mstari mwekundu ni mfereji wenyewe umewaka.

Kuna tezi zinazovimba na hazitokani na kidonda. Donge la shingoni au kwapani lililokaa zaidi ya wiki mbili au tatu, lililo gumu, lisilouma, linaloendelea kukua, au mtu akiwa nalo huku anakonda na kutoka jasho usiku, lipelekwe hospitali. Yaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Yaweza kuwa dalili ya virusi vya ukimwi, au kansa. Yote hayo ni afadhali yajulikane mapema. Na donge lililo juu ya mtulinga lisisubiri hata hizo wiki mbili.

Mguu wa bibi

Bibi alituambia mguu ule umekula mbuzi watatu. Mmoja alienda kwa mganga wa kwanza, aliyesema amekanyaga kitu alichowekewa njiani. Wa pili na wa tatu walienda kwa mganga mwingine aliyemchanja chale kumi na moja "ili maji yatoke." Maji yalitoka kweli, kisha homa ikamlaza wiki mbili. Alienda pia mahali pa matibabu, na huko aliambiwa maneno mawili tu: haiponi. Tangu hapo akaacha kwenda popote, na mkutanoni hukaa nyuma.

Ugonjwa wake ni matende. Katika Kenya unapatikana pwani, katika kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Unaletwa na minyoo ya filaria, myembamba kama uzi. Jike lina urefu wa sentimita 8 hadi 10, dume ni kama nusu yake. Mbu akimuuma mtu huacha viluwiluwi vya minyoo hii kwenye ngozi, navyo huingia kwa tundu alilolitoboa. Halafu vinaenda wapi? Vinaingia kwenye mishipa ya limfu. Huko vinakua, vinaoana na kuishi miaka 6 hadi 8, na majike huzaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao huingia kwenye damu, na katika sehemu zetu hutokea zaidi usiku, wakati mbu anapouma. Mbu huwanyonya na kuwapeleka kwa mtu mwingine.

Mbu mmoja kukuuma usiku mmoja hakuleti matende. Huhitajika kuumwa mara nyingi sana, kwa miezi na miaka. Wengi huambukizwa wakiwa watoto na hawaoni kitu mpaka wawe watu wazima. Kwa muda huo wote minyoo imekaa mferejini. Mishipa hupanuka kama mpira uliovutwa kupita kiasi, na ile milango ya dema haikutani tena. Limfu inapanda kidogo, inashuka tena. Maji hubaki mguuni na protini hubaki nayo, na protini huyashikilia maji yasiondoke.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila kikundi kilijue. Mguu haukui kwa sababu ya mnyoo peke yake. Ngozi iliyovimba hupata mikunjo, na kati ya vidole hubaki unyevu, pakaota ukungu na kupasuka. Bakteria wa kawaida, wale wale walio kwenye ngozi ya kila mtu, huingia kwa mipasuko hiyo. Katika mguu mzima wangepelekwa kinenani na kumalizwa. Katika mguu wa matende maji yamesimama, askari hawafiki upesi, na bakteria huzaana. Ghafla mtu anashikwa na homa, baridi na kichefuchefu, na mguu unawaka moto kwa siku kadhaa. Bibi aliuita ugonjwa huo "ile homa yangu," akidhani ni malaria. Kila homa ya namna hiyo huharibu mishipa mingine zaidi, na ngozi huzidi kuwa ngumu. Mguu hupanda ngazi moja kwa kila homa.

Kwa hiyo yule aliyesema haiponi alisema nusu ya ukweli. Mishipa iliyoharibika hairudi kama zamani. Lakini ile homa inaweza kuzuiwa, na ikizuiwa mguu huacha kukua. Wakati mwingine hupungua.

Karai, sabuni na taulo

Kitu cha kwanza ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi. Sabuni ya kawaida ya mche inatosha. Maji yawe ya baridi ya kawaida, si ya moto. Hapa tunakiri kosa letu: miaka iliyopita tulimshauri mama mmoja aloweke mguu wake katika maji moto yenye chumvi. Ngozi ya mguu kama huo haisikii joto vizuri, naye aliungua. Tena joto huleta damu nyingi mguuni, na damu nyingi huvuja maji mengi. Tungekuwa tumeuelewa mfereji huu wakati ule tusingesema vile.

Osha kuanzia gotini kushuka, kwa mkono au kitambaa laini, ukiingia ndani ya kila mkunjo na kati ya kila kidole mpaka maji ya mwisho yawe safi. Usisugue kwa jiwe wala brashi. Kisha kausha. Kukausha ndiko watu wanakosahau, na kati ya vidole ndipo pana kazi zaidi. Tumia kipande cha pamba au kitambaa chembamba. Ukiona pamepasuka au pana weupe wa ukungu, omba dawa ya kupaka zahanati. Osha hata mguu ulio mzima.

Kitu cha pili ni kuusaidia mfereji usio na pampu. Ukikaa, inua mguu juu ya kigoda chenye mto. Usiku weka kitu imara chini ya mwisho wa godoro ili miguu iwe juu kidogo kuliko moyo. (Mwenye ugonjwa wa moyo au anayekosa pumzi akilala amuulize daktari kwanza.) Ukiwa umekaa, nyanyua visigino na kuvishusha, kunja na kunjua kifundo, zungusha unyayo, mara kwa mara mchana kutwa. Tembea. Shavu la mguu ndilo pampu yako, usiliache lilale. Lakini siku ya homa usifanye mazoezi haya. Siku hiyo pumzika, inua mguu, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa maji mengi, na uende zahanati upewe dawa ya kuua bakteria. Usikubali kuchanjwa.

Kwa wanaume minyoo hupenda mishipa ya korodani, na maji hukusanyika huko yakawa busha. Tumesikia kwa masikio yetu wazee wakiambiana ni kwa sababu ya madafu. Madafu hayana kosa lolote, wanywe. Busha hutibiwa kwa upasuaji, na upasuaji huo ni wa kawaida katika hospitali nyingi. Aibu ndiyo inayowafanya wanaume kubeba mzigo huo miaka kumi.

Je, zile tembe za matende? Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000, na Kenya ilianza kuwagawia watu wote dawa huko Kilifi mwaka 2002. Mwaka 2018 dawa tatu kwa pamoja zilianza kutumiwa Lamu na sehemu ya Mombasa. Tembe hizi huua watoto wa minyoo walio kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Hazipunguzi mguu uliokwisha kuvimba, na kwa sababu hiyo wengine huzidharau: "Nilimeza, mbona mguu ni ule ule?" Zinamezwa kwa ajili ya wajukuu. Siku ya kumeza mtu anaweza kupata homa kidogo au kichwa kuuma, hasa aliye na minyoo mingi. Hiyo inatokana na minyoo kufa, si sumu, wala tembe hizi hazizuii uzazi kama uvumi ulivyosema. Mama mjamzito, watoto wadogo sana na wagonjwa mahututi hawapewi. Togo ilithibitishwa kuushinda ugonjwa huu mwaka 2017, Misri 2018 na Malawi 2020, kwa hivyo jambo hili linawezekana. Chandarua nacho kinasaidia, na kufunika mashimo ya choo na maji machafu, maana baadhi ya mbu wanaoubeba huzaliana humo.

Wasomaji wetu wa bara wasidhani hayawahusu. Kwenye nyanda za juu zenye udongo mwekundu uliotokana na volkeno, kama huko Ethiopia, Rwanda na sehemu za Mlima Elgon upande wa Uganda, kuna matende yasiyotokana na mnyoo wala mbu. Vumbi la udongo huo huingia kwenye nyayo za mtu anayetembea bila viatu miaka mingi na kuharibu mishipa ile ile. Kinga yake ni viatu na kuosha miguu. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya kansa ya titi anaweza kuvimba mkono, na sasa mnajua kwa nini. Lakini si kila uvimbe wa mguu ni wa mfereji huu. Miguu yote miwili ikivimba pamoja, na ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, yaweza kuwa moyo, figo au, kwa mjamzito, presha ya damu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma bila kidonda, yaweza kuwa damu iliyoganda. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Tulirudi kwenye kile kikundi baada ya miezi mitano. Mama mwenyekiti alikuwa amemwomba bibi ruhusa ya kuyaeleza mambo yake mkutanoni, na bibi akasema atayaeleza mwenyewe. Baada yake akajitokeza mama mwingine mwenye matende, na mzee mmoja akamtuma mkewe kuuliza habari za busha. Kikundi kilitoa pesa kidogo kutoka kwa mfuko wa mbuzi wakanunua makarai mawili, taulo na sabuni. Kila Ijumaa kabla ya mkutano wanaosha miguu pamoja chini ya mwembe, mjukuu wa mama mwenyekiti akimimina maji. Siku nyingine bibi hujiosha mwenyewe nyumbani. Homa yake imemrudia mara moja tu tangu hapo.

Kilichobaki kilikuwa kiatu. Fundi wa akala wa sokoni alikubali kumtengenezea jozi yenye mikanda mipana ya kufungwa na kufunguliwa, kushoto kukiwa kukubwa kuliko kulia. Mara ya kwanza alimpima asubuhi, na ilipofika jioni kiatu kikambana. Ikabidi bibi arudi kwake saa kumi na moja jioni, mguu ukiwa umejaa, ndipo akapimwa upya.